Gredi ya nne wanakimbia hesabu, nifanyeje?

Mwalimu_Kisauni: Habari zenu walimu wenzangu. Nina watoto 47. Nikisema tu "toeni vitabu vya hesabu", darasa zima linanywea. Mtaala wa umilisi wataka mtoto ajifunze kwa kutatua matatizo, nami nikawapa moja. Wawili watatu wakamaliza, waliobaki wakanakili. Nyie mwafanyaje?

Chaki_Nyeupe: Hebu liandike hilo tatizo tulione.

Mwalimu_Kisauni: "Mama amenunua nyanya za shilingi 600 akaziuza kwa 850. Amepata faida gani?"

Chaki_Nyeupe: Dada, hiyo ni hesabu ya kutoa iliyovishwa buibui. Anayejua kutoa keshamaliza, asiyejua hana pa kuanzia. Wape hili: darasa linakwenda Fort Jesus kwa tuktuk, kila moja abiria watatu. Zatakiwa ngapi? Watakaogawanya watakwambia 15 baki 2. Usisahihishe. Muulize wa nyuma kabisa, "Hao wawili waende kwa miguu?" Hapo kelele zitaanza (mwalimu wa darasa la jirani akilalamika, mvumilie). Wengine watasema 16, na lazima atokee mmoja aulize mwalimu atakaa wapi. Halafu nauli usiwatajie, wakaulize stejini. Wengi wanaoogopa kitabu ndio wanaotumwa dukani kila siku, chenji huwawezi.

BabaZuu: Maneno matamu, lakini mtoto asiyejua kuzidisha kwa tatu atagawanya nini? Mie naanza na jedwali, kila asubuhi. Njia hii yenu ya kufundisha kwa tatizo iliwavumisha Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada mwaka 1969, na wao walikuwa wakifundisha madaktari, si watoto wa miaka tisa. Na KPSEA, tathmini ya kitaifa, yaja gredi ya sita.

Chaki_Nyeupe: Jedwali silikatai, Baba Zuu. Mwache kwanza ahangaike kupanga vijiti 47, atalitaka mwenyewe. Ila hapo kwa umri wasema kweli: tatizo liwe dogo, liishe ndani ya dakika 35 za kipindi.

Mwalimu_Kisauni: Na kunakili je?

Bi_Mkubwa_Likoni: Wagawe wanne wanne. Mjuaji asishike kalamu. Atakayesimama kueleza mtaje wewe, dakika ya mwisho. Yule mjuaji atalazimika kuwafundisha wenzake, maana hajui utamwita nani.

Mwalimu_Kisauni: Shukran, naanza Jumatatu. Kisauni hadi Fort Jesus tuktuk ni pesa ngapi siku hizi?

Chaki_Nyeupe: Hatukwambii!