Tupeane uzoefu: mitandao ya kijamii imeusaidia utafiti wako au imeuvuruga?

Msomi_Mdadisi: Wakuu, habari za kazi. Leo nimesoma tasnifu ya mwanafunzi mmoja, data zote zimetokana na dodoso lililosambazwa WhatsApp na Facebook. Imenikumbusha mbali. Mliopita njia hii, yaliwakuta yapi?

Kalamu_Nyeusi: Mimi ilinifaa. Makala niliyoihitaji ilikuwa ya kulipia, bei siiwezi. Nikamwomba mwandishi kupitia ResearchGate, mtandao wa watafiti, akanitumia, na jedwali la data ghafi akaniongezea. Mpaka leo tunaandikiana.

Mama_Takwimu: Acheni na mimi niseme. Utafiti wangu ulihusu akina mama wanaorudi kazini huku wananyonyesha. Dodoso nikaliweka kwenye kundi lao, na kila atakayejaza anapata vocha ndogo. Mwanzoni yalikuja majibu machache, mazito: mama anaeleza anavyokamulia maziwa chooni kwa kuwa ofisini hakuna chumba. Nililia nikisoma. Kisha mtu akaichukua linki akaipeleka kusikojulikana. Usiku wa manane majibu yakawa yanamiminika, yanapishana kwa sekunde tu. Mwenye miaka 19 ana watoto saba. Kwenye swali la kujieleza sentensi ni ile ile, "kazi ni ngumu lakni nashukuru", na herufi iliyoruka ni ile ile. Kilichoniuma zaidi ni akina mama wa kweli waliojaza usiku ule. Walizama humo humo, sikuweza kuwatofautisha na matapeli kwa uhakika. Msimamizi akasema futa yote ya kuanzia usiku huo. Nikafuta.

Tulizo: Pole sana dada. Hadi "lakni" nimewahi kukutana nayo.

Kalamu_Nyeusi: Zawadi ndiyo asali inayoita nzi. Ondoeni zawadi.

Fundi_Sampuli: Hapana. Muda wa mtu una thamani, mlipe, ila mpigie simu kwanza ujue ni mtu kweli. Na weka swali la mtego katikati, la kumnasa anayejaza bila kusoma.

Tulizo: Roboti za siku hizi zinalijibu hilo swali vizuri kuliko binadamu.

Jicho_Kali: Ndiyo maana mimi sihangaiki na madodoso. Naingia kundini, nasoma wanavyojadiliana, nanukuu. Si wameandika wenyewe?

Maadili_Kwanza: Ndugu, hapo umevuka mpaka. Kundi la WhatsApp si hadharani. Hata twiti ya wazi, ukiinukuu neno kwa neno, mtu anaitafuta Google na mwenyewe anajulikana. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Facebook kuhusu hisia: watumiaji 689,003 walichezewa kile wanachokiona bila kuombwa idhini mahsusi. Kelele zilikuwa kubwa hadi jarida lililouchapisha, PNAS, likatoa tamko la wasiwasi.

Jicho_Kali: Ukiomba idhini watu wanaanza kuongea kama wako mbele ya hakimu.

Maadili_Kwanza: Basi utaandika hivyo kwenye mapungufu ya utafiti. Idhini utaomba.

Mzee_wa_Data: Mnabishania data ambazo funguo zake wanazo wengine. Twitter (sasa X) iliwafungulia watafiti data zake Januari 2021, twiti hadi milioni 10 kwa mwezi bila malipo. Mwaka 2023 mlango ukafungwa, ikawa ni kulipa. CrowdTangle, zana ya Meta (wenye Facebook) ya kufuatilia machapisho ya wazi, nayo ilizimwa Agosti 14, 2024. Anayeanza shahada ya uzamivu kwa kutegemea mlango wa kampuni awe na mpango wa pili. Pakueni mapema.

Maadili_Kwanza: Pakueni, lakini twiti ambayo mwenyewe ameifuta nanyi mnatakiwa kuifuta.

Tulizo: Tumemsahau Mama_Takwimu. Dada, ulimaliza?

Mama_Takwimu: Nilimaliza. Nilikwenda kliniki za watoto nikakaa nao kwenye benchi, karatasi mkononi. Sampuli ikawa ndogo, lakini kila jibu nalijua lilikotoka. Kundi lile nililirudia mwishoni kuwapa matokeo. Mmoja aliyapeleka kwa mwajiri wake, chumba bado wanakidai.

Msomi_Mdadisi: Asante sana dada. Mwanafunzi wangu namwambia kesho aondoe zawadi.

Fundi_Sampuli: Mkuu, asiondoe! Apige simu!