Wauza feni za Raspberry Pi Kariakoo, mnaua bodi za watu!

Wakuu wa jamvi, salamu ndefu zitasubiri.

Feni ndogo za volti 5 zinazouzwa Kariakoo kwa ajili ya kupoza Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, huja kwenye kimfuko: feni, skrubu nne, waya mwekundu na mweusi. Basi. Muulize muuzaji inachomekwa wapi, jibu ni lile lile: "Nyekundu na nyeusi tu bosi, hata mtoto anaweza." Kuunguza bodi kweli hata mtoto anaweza.

Pini 40 za ile bodi hazifanyi kazi moja. Namba 2 na 4 zinatoa volti 5 zinazotoka kwenye chaja. Namba 1 na 17 zinatoa 3.3. Nyingi zilizobaki ni GPIO, pini za kutoa na kupokea ishara, hazikuumbwa kusukuma mota. GPIO moja haitakiwi kuzidi miliampea 16. Sasa soma kibandiko cha feni: 0.1A, 0.15A, nyingine 0.2A. Hizo ni miliampea 100 hadi 200. Mnamtwisha mtoto wa chekechea gunia la mkaa halafu mnashangaa amekaa chini. Na GPIO ikiungua hakuna fundi wa kuibadilisha, kwa sababu mzunguko wake uko ndani ya prosesa yenyewe. Ukiwa na bahati unapoteza pini moja. Ukikosa bahati bodi nzima inageuka jiwe la kukandamizia karatasi mezani.

Najua kuna watakaosema "weka pini 4 na 6, kwisha habari". Hapo haiungui, nakubali, maana 4 ni volti 5 na 6 ni ardhi, yaani upande hasi. Ila feni itazunguka saa 24, usiku na mchana, bodi iwe na kazi au imelala. Feni nyingi za bei ya chini ni za bushi, si za beringi, na vumbi la mji huu likichanganyika na chumvi ya bahari kwa walio Kigamboni au Msasani, zinaanza kukwaruza mapema. Baadaye inakwama kimya kimya na mwenye nayo anadhani bado inafanya kazi.

Kinachokera ni kwamba vitu vya kuifanya feni iwake na kuzimika kufuata joto, ambavyo vinakosekana kwenye kimfuko, havifiki bei ya chapati na chai: transista moja (swichi inayoongozwa na GPIO), rezista moja (ya kupunguza umeme), dayodi moja (inapitisha umeme upande mmoja tu). Mpangilio ni huu. Waya mwekundu wa feni pini 4. Transista ni ya aina ya NPN, 2N2222 au S8050, na ina miguu mitatu: kolekta, emita na beisi. Mweusi kwenye kolekta. Emita kwenye ardhi, pini 14. Beisi inapitia rezista ya omu 470 kwenda pini 12, ambayo ndiyo GPIO 18. Dayodi, 1N4148 inatosha, inalala sambamba na feni, upande wenye mstari ukitazama waya mwekundu. Ukiigeuza umetengeneza shoti siku transista inapofunguka, yaani inapopitisha umeme.

Kwa nini 470? GPIO inatoa volti 3.3, beisi inakula kama 0.7, zinabaki 2.6. Gawanya kwa 470 unapata miliampea 5.5, pini inapumua na transista inafunguka vizuri kwa feni ya miliampea 100 au 150. Feni ya 200 shuka hadi omu 330, hiyo ni karibu miliampea 8, bado uko salama. Michoro mingi inaandika kilo-omu 1. Kwa feni ndogo inakwenda, kwa feni kubwa transista inafunguka nusu, yenyewe inapata joto na feni inazunguka kivivu. Umehamisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye transista, hongera.

Na msikubali kubadilishiwa. Ukiomba 2N2222 unapewa BC547, "ni zile zile". Si zile zile! BC547 mwisho wake ni miliampea 100. Au unauziwa bodi ndogo nyekundu ya IRF520, ambayo ni mosfeti (aina nyingine ya transista) ambayo volti 3.3 haziwezi kuifungua sawasawa. Ukitaka mosfeti, omba AO3400.

Kisha programu. Fungua /boot/firmware/config.txt (mifumo ya Raspberry Pi ya kabla ya toleo la Bookworm ni /boot/config.txt), mwishoni andika:

dtoverlay=gpio-fan,gpiopin=18,temp=65000

Hesabu ya hapo ni kwa sehemu za elfu moja za nyuzi, kwa hiyo 65000 ni nyuzi 65. Anayeandika temp=65 ameiambia feni iwake chini ya nyuzi moja, halafu analalamika haizimi. Nimeweka 65 kwa sababu ya Dar. Feni huzimika joto likishuka nyuzi 10 chini ya pale ilipowakia, na chumba cha mwezi wa pili chenye nyuzi 32 au 33 kinaweza kuifanya Raspberry Pi 4 iliyomo kwenye boksi la plastiki ikae juu ya 50 hata bila kazi. Ukiweka 60 itakuwa inasubiri 50 ambayo haifiki. Na 65 haina madhara, bodi hiyo inaanza kujipunguza kasi kwenye 80.

Wauzaji, kama hamjui, semeni hamjui. Msibambikie watu.

———

Waya Mweusi:
Mkuu umemaliza, ila umesahau boksi. Feni inafungwa kwenye mfuniko, chini hakuna hata tundu moja. Hewa itoke wapi? Feni inakoroga joto lile lile kama mwiko kwenye sufuria. Toboa upande wa pili, eneo la matundu lisiwe dogo kuliko mdomo wa feni. Upepo unatokea upande wenye kibandiko na vile vimikono vya plastiki, kwa hiyo ukitaka ipulize ndani, kibandiko kitazame prosesa. Feni ya milimita 30 matundu yake ya skrubu yanaachana milimita 24, ya 40 yanaachana 32. Pima kwanza ndipo utoboe, akriliki haisamehe.

Na jamani, ile pedi ya hitisinki (kile kipande cha chuma cha kupoza prosesa) ina karatasi nyembamba ya plastiki. IBANDUENI. Nusu ya malalamiko ya "feni haisaidii" ni hiyo karatasi.

Kipimajoto:
Naongeza moja. Si kila bodi inayojikokota ina joto. Kwenye dirisha la amri andika vcgencmd measure_temp uone joto, kisha vcgencmd get_throttled uone kama bodi imepunguzwa kasi na kwa nini. Ukipata 0x0, hakuna tatizo tangu uiwashe. 0x50005 ni umeme mdogo, chaja au waya wako ni mbovu, hata ukiifunga feni ya dari haitabadilika. Namba ikiishia na 8, mfano 0x80008, hapo ndipo joto. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 ampea 3. Chaja ya simu yenye waya mrefu mwembamba inashuka chini ya volti 4.63 na bodi inalalamika, kisha mtu anakwenda kununua feni, ambayo nayo inakula umeme ule ule. Tatizo linakua.

Dada wa Transista:
Na Raspberry Pi 5 je? Nimeona wanauziwa feni hizi hizi za waya mbili.

Mleta uzi:
Dada, huo ni wizi wa mchana. Raspberry Pi 5 ina soketi yake ya feni, pini nne ndogo, na mfumo wenyewe unaongoza kasi: nyuzi 50 inaanza asilimia 30, 60 inapanda 50, 67.5 inakwenda 70, na 75 inazunguka yote. Huhitaji transista wala mstari niliouandika juu. Nunua feni ya plagi hiyo, waachie ya waya mbili.

Jingine kabla sijasahau: 2N2222 ya plastiki iliyoandikwa P2N2222A miguu yake imegeuka, kolekta na emita zimebadilishana nafasi na PN2222A. Soma maandishi kwa tochi ya simu ukiwa bado dukani.