Mtawa mpelelezi Uingereza ya kale: sista wa wagonjwa, mtunza ghala au mama mkuu?

Kalamu_Chakavu: Wakuu, naandika hadithi ya upelelezi. Mhusika ni mtawa Mbenedikto, Uingereza, karne ya 14. Nimekwama kwenye cheo. Moyo unanivuta kwa sista wa wagonjwa: anajua dawa, anajua sumu. Ama awe mtunza ghala? Ama mama mkuu kabisa?

bintiSakina: Sista wa wagonjwa kachosha jamani, kila hadithi yeye na majani yake. Halafu atatokaje? Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliamuru watawa wa kike wasivuke kuta bila sababu nzito. Atapeleleza dirishani?

MzeeWaRafu: Amri ilikuwepo, utii ndio ulikuwa shida. Askofu Dalderby wa Lincoln aliipeleka Markyate, nyumba ya masista, mwaka 1300. Wakati anaondoka, baadhi ya masista wakamfuata mpaka langoni wakamrushia hati yenyewe. 😂 Ila kura yangu ni mtunza ghala. Shayiri ya pombe, samaki wa Kwaresima, vibarua, wapangaji wenye madeni: vyote vinapita mkononi mwake. Ana sababu ya kuongea na kijiji kizima, na kufuli zote anazijua.

njoo_kesho: Mama mkuu hapana. Huyo ana heshima ya nyumba ya kulinda, mfanye awe anayeficha. Na usimsahau afisa wa mfalme wa kuchunguza vifo, cheo kilichoanza 1194. Aliyeikuta maiti alitakiwa apige yowe, na haikuzikwa mpaka afisa aione. Akichelewa njiani, hayo ndiyo masaa ya sista wako.

bintiSakina: Weka na ziara ya askofu. Alikuwa anakuja kukagua nyumba, anawahoji masista mmoja mmoja, faragha, karani anaandika. Wengine walijibu "yote ni heri", basi. Mimi ningeanza na hao.

MzeeWaRafu: Na kisa kipo tayari. York, 1318: Joan wa Leeds, mtawa wa St Clement, alijifanya mgonjwa, kisha akajifanya amekufa. Washirika wake wakatengeneza sanamu ya mwili wake, ikazikwa mahali patakatifu, mwenyewe huyo kaondoka! Yamo kwenye daftari la Askofu Mkuu Melton.

Kalamu_Chakavu: Subiri kwanza. Kitambaa cha kuvika hiyo sanamu kilitoka ghala la nani?

MzeeWaRafu: Haya, kaandike.