Nafasi moja ya bima, mama wawili: nimweke nani?

MwalimuManyoni ameandika:

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri, hasa kwa ninyi mnaofanya kazi hospitalini na ninyi ambao jambo hili limewahi kuwafika nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Manyoni, huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Kama watumishi wengine nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, zinaingia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kadi inanibeba mimi, mume wangu na wategemezi wanne. Watoto wangu ni watatu, na nafasi ya nne ilikuwa ya baba yangu mzazi. Baba ametangulia mbele ya haki mwaka jana. Nimeshapeleka cheti cha kifo, jina lake limeondolewa, na afisa akaniuliza pale pale, "Sasa tunamweka nani, mwalimu?" Nilishindwa kujibu. Nikamwambia nitarudi. Mwezi wa pili huu sijarudi.

Mama yangu ana miaka 68, yuko Kondoa. Ana sukari tangu 2014, na presha ikafuata. Anachoma insulini asubuhi na jioni. Umeme haujafika nyumbani kwake, kwa hiyo chupa ya dawa anaiweka kwenye kifuko, anakining'iniza ndani ya mtungi wenye maji kidogo, anafunika na kitambaa kibichi. Kila mwezi anakwenda kliniki hospitali ya wilaya. Ana kitambulisho cha mzee, anapita dirisha la wazee, kumwona daktari halipi hata shilingi. Shida ni dawa. Mwezi huu zipo, mwezi ujao anaambiwa akanunue, na mimi nasikia kwenye simu, "Mwanangu, zimebaki za siku nne."

Mama mkwe ana miaka 73, yuko Lushoto. Huyu hakuwahi kuumwa kitu zaidi ya magoti. Lakini tangu mwezi wa kumi miguu inavimba, na usiku hawezi kulala chali, anakaa ameegemea mito mitatu mpaka kunapambazuka. Wilayani wakamwandikia rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa kule Tanga. Bombo wakampiga picha ya moyo, wakasema moyo umetanuka, inafaa aonwe na daktari bingwa wa moyo KCMC, hospitali ya kanda kule Moshi. Safari ile, vipimo na dawa za mwezi mmoja vilitumaliza. Mume wangu ni fundi seremala, aliuza randa yake ya umeme.

Vifurushi vya mtu binafsi nimeviulizia. Bei inapanda kwa umri na wote wawili wamevuka 60. Kwa mshahara wangu wenye mkopo wa benki siwezi hata kimoja.

Mume wangu nilipomuuliza akanijibu, "Mweke mama yako. Mshahara ni wako." Hakulisema kwa hasira, amelisema kwa roho safi kabisa, na ndilo lililoniumiza. Mama mkwe ndiye aliyekuja kukaa nami mara zote tatu nilipojifungua. Kila mara alitoka Lushoto na kapu lake, akanikanda kwa maji ya moto arobaini zima, na usiku mtoto alilala kifuani kwake ili mimi nipate usingizi. Mama yangu alikuwa anamuuguza baba, hakuweza kuja.

Naomba mnisaidie kufikiri. Nimweke nani?

---

NesiZamuYaUsiku amejibu:

Pole sana mwalimu, na pole kwa msiba wa mzee.

Niko wodi ya watu wazima hospitali ya wilaya, mwaka wa kumi na moja sasa. Wanaouliza swali lako ni wengi, na wengi hulipima kwa undugu: nani kanizaa, nani atanuna. Mimi nakuomba ulipime kwa ngazi. Ugonjwa wa kila mmoja unatibiwa kwenye hospitali ya ngazi gani, na nini kinaweza kumfikisha hapo bila kadi yako?

Kwa mama yako, sukari na presha ni magonjwa tunayoyaangalia huku huku chini. Kliniki ipo, daktari yupo, kipimo kipo. Mkatie CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii. Inalipiwa kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kwa hiyo yeye na wajukuu anaoishi nao wote wanaingia. Haina haja ya kufunga safari, afisa mwandikishaji yuko kijijini, anakuja na simu yake, anawapiga picha, mnalipa, mnapewa namba. Inamtibia kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa, yaani kwenu General pale Dodoma, ila afuate rufaa. Asiruke ngazi, akiruka atalipa.

Sasa nikuambie upungufu wake ili usije ukalaumu. Kwa kadi yako ya Mfuko, dawa ikikosekana dirishani anaandikiwa fomu, anaichukua duka la dawa lenye mkataba. CHF haina mlango huo. Insulini ikiisha hospitali, ni kununua. Kwa hiyo tenga hela ya chupa moja ya akiba, na chupa hiyo isiguswe mpaka siku ya kukosa. Na ule mtungi usiudharau, unafanya kazi. Mwambie tu chupa isilowe na aandike tarehe aliyoifungua.

Kwa mama mkwe hali ni nyingine. Moyo uliotanuka unataka bingwa, picha ya kurudia, damu kupimwa figo na chumvi kila anapoongezewa dawa ya kukojoa, na siku akibanwa na pumzi anataka kitanda na oksijeni. CHF itamfikisha Bombo na pale itasimama. Msamaha wa wazee upo kwenye sera tangu 2003, kwa aliyevuka 60 na hana uwezo, lakini ukifika hospitali za kanda utahangaika sana na makaratasi ya ustawi wa jamii, na mgonjwa wa moyo hana muda huo. Kadi yako itamfikisha KCMC, na ikibidi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mimi ningemweka mama mkwe.

Ila kabla hujaenda ofisini, fanya jambo moja. Kliniki ijayo mama yako aombe apimwe figo, protini kwenye mkojo, na aangaliwe macho. Sukari ya miaka zaidi ya kumi huwa inakula taratibu bila kelele. Majibu yakionyesha figo zimeanza kuchoka, rudi hapa tuongee upya, kwa sababu hapo na yeye atakuwa mtu wa bingwa.

---

MwanaMakambako amejibu:

Mwalimu, msikilize Nesi. Sisi nyumbani tulifanya kwa heshima. Kaka yetu mtumishi alikuwa na nafasi moja, tukasema baba ndiye mkubwa, aanze yeye. Baba alikuwa mzima, anapanda mlima kwenda shamba kila siku. Mama ndiye alikuwa na uvimbe tumboni na hakusema, alikuwa anaufunga na kanga. Kadi ya baba ilikaa sandukuni mwaka mzima haijatumika, na mama tukawa tunamchangia kwenye kikundi cha WhatsApp, huyu elfu kumi, huyu elfu tano. Alifariki kabla hatujatimiza hela ya upasuaji. Bado naiona ile orodha ya michango.

La pili, nyaraka. Kwa mzazi wako wanataka cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake. Kwa mkwe wanataka cheti cha kuzaliwa cha mumeo na cheti cha ndoa. Yote yasomeke sawa na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Sisi herufi moja ya jina la baba ilitupeleka kwa wakili kula kiapo na kurudi ofisini mara tatu. Kaa chini leo usiku, panga karatasi mezani, soma herufi kwa herufi.

---

MamaWawiliDodoma amejibu:

Mimi simuungi mkono Nesi kwa asilimia mia. Damu ni damu. Mama yako ana wewe na nani mwingine? Mama mkwe ana mumeo na mawifi zako. Nao wawajibike kwa mama yao. Ukija kumpoteza mama yako kwa kukosa insulini, hakuna atakayekuelewa, na wewe mwenyewe hutajielewa. Naongea kwa upendo, dada yangu.

---

MhasibuWaChuo amejibu:

Mwalimu, hujatutajia umri wa watoto. Naomba utaje. Kuna sababu.

---

MwalimuManyoni amejibu:

Ahsanteni mno. Nimesoma yote, ya MwanaMakambako nimeyasoma nikalia. Pole ndugu yangu.

Mama Wawili, nimekuelewa na sijachukia. Ninaye kaka mmoja, ni utingo wa lori, akipata anatuma. Mawifi ni wawili, wote wakulima wa mboga kule kule Lushoto. Hao ndio wanaomgeuza mama usiku na kumfulia, kwa hiyo kuwajibika wanawajibika, hela ndiyo hawana.

Mhasibu, mkubwa wangu yuko kidato cha sita, anamaliza mwezi wa tano, ametimiza 18. Wa pili ana 14, wa mwisho 9.

---

MhasibuWaChuo amejibu:

Ndivyo nilivyofikiri. Basi sikiliza.

Mtoto anakuwa mtegemezi wako akiwa chini ya miaka 18, au mpaka 21 akiwa masomoni. Kwa hiyo huyo mkubwa bado anastahili kukaa kwenye kadi yako na watu wengi huwaacha hapo hapo. Lakini akiingia chuo mwezi wa kumi, chuo kinaweza kumsajili kama mwanafunzi. Mwanafunzi analipa 50,400 kwa mwaka, anapata kadi yake ya Mfuko huo huo. Mimi nazipokea hizo malipo kila mwaka na naona wazazi watumishi wanaoambiwa "mtoto ana bima yako, asilipe", wanafurahi wameokoa elfu hamsini, huku bibi yake nyumbani hana kitu.

Wewe fanya kinyume. Mlipie mtoto hiyo 50,400, atoke kwako, nafasi yake aingie mama wa pili. Hakuna bima yoyote utakayomkatia mtu wa miaka 68 kwa bei hiyo.

Ila uwahi kumwambia afisa nia yako, maana mtegemezi habadilishwi kwa kusema tu, watataka sababu na karatasi: barua ya chuo, risiti ya malipo. Na usimtoe mtoto kabla kadi yake haijafanya kazi. Usiache hata wiki moja katikati, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huugua sana wakibadili mazingira.

Kwa hiyo swali lako limebaki dogo: ni nani asubiri mpaka mwezi wa kumi.

---

NesiZamuYaUsiku amejibu:

Mhasibu, Mungu akubariki. Hili sikulijua na niko kwenye kazi hii miaka yote hiyo.

Mwalimu, anayeweza kusubiri ni yule ambaye dawa zake zipo wilayani. Vipimo vya figo lakini, tafadhali.

---

MwalimuManyoni amejibu:

Wadau, narudi na majibu kama nilivyoahidi. Zimepita wiki tatu.

Jumamosi nilipanda basi mpaka Kondoa. Sikutaka kumwambia mama kwenye simu. Nilimkuta anachambua mtama, nikakaa kando yake tukachambua wote, nikamweleza kila kitu kama mlivyonieleza, mpaka habari ya ngazi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyo mwenzangu usiku analala ameketi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi nalala, mwanangu. Mpeleke yeye."

Kesho yake afisa mwandikishaji wa CHF alikuja. Mama alitaka kujitanda kanga mpya kwanza. Wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa udongo, akapigwa picha yeye na wajukuu wake wanne, watoto wa kaka yangu, mdogo kabisa akawa anacheka kila simu ikielekezwa kwake ikabidi irudiwe mara tano. Nikalipa ada. Kliniki alikwenda Jumatatu, mimi nikiwa naye. Figo ziko salama. Jicho la kushoto limeanza kuguswa, amepewa tarehe ya daktari wa macho General, na kadi ya CHF inafika huko. Chupa ya akiba imo mtungini, nimeifunga uzi mwekundu asiichanganye na ile anayoitumia.

Mama mkwe amesajiliwa. Cheti cha mume wangu kilikuwa na "h" iliyozidi kwenye jina la mama yake, tumekula kiapo, tumemaliza. Ana tarehe KCMC Alhamisi ijayo. Mume wangu anakwenda kumchukua Lushoto Jumatano kwa basi la asubuhi, na wifi mkubwa atafuatana nao kwa sababu ndiye anayejua mito inavyopangwa.

Mhasibu, karatasi za mtoto nimeshazianzishia faili. Mwezi wa kumi nitakutafuta.