Tupeane uzoefu: El Niño, vuli au kimbunga ilikukuta wapi?

Mama wa Rufiji (mtoa mada)
Wadau salaam. Usiku wa jana mvua imepiga huku kwetu hatusikilizani ndani, nikaamka nikakaa kitandani mapigo ya moyo juu nikikumbuka ile ya 97 kuingia 98. Nilikuwa binti mdogo Utete, mto ulipanda mpunga ukiwa umeshatoa masuke, bondeni kote kukawa maji matupu, tukala maembe mabichi na mihogo ya kuombaomba. Kila mtu aseme ilimkuta wapi na alitokaje, maana watoto wetu wanalisikia tu hilo neno El Niño.

Wa Jangwani
Desemba 2011 Dar. Wenyewe TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walisema mvua kama ile ilikuwa haijaonekana tangu 1954. Tulihamishiwa Mabwepande, vyeti vyangu vyote vilikwenda na maji.

Kaka Bonde
+1 mkuu, nilikuwa juu ya paa mtaa wa pili.

Dada wa Masasi
Mimi ni Mei 2024, Hidaya. Natoka Dar naenda Masasi na mwanangu bado ananyonya. Kituoni wakatuambia kimbunga kimeshakufa kule Mafia, basi zinaondoka, na kweli upepo ulikuwa umekwisha ila mvua yake ndo ilikuwa inamalizikia nchi kavu. Kufika maeneo ya Somanga dereva akafunga breki watu tukarushana, konda akashuka na tochi akarudi hasemi kitu. Jamani mbele hakukuwa na barabara. Siyo maji yamepita juu ya lami, lami yenyewe imeondoka na tuta lake, limebaki korongo na maji mekundu yanaunguruma. Kugeuza, tunaambiwa na nyuma kumekatika. Malori, mabasi, gari za wagonjwa, wote tumekaa katikati kama tuko kisiwani. Kulipokucha maji ya chupa yakapanda bei, mandazi yakaisha, mtoto akaanza kuchemka mwili, maziwa yamenikauka kwa njaa na woga, nikawa namlowesha midomo kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye kanga. Akatokea bibi mmoja wa kijijini akanishika mkono, hakuniuliza kabila wala dini, akanipikia uji wa muhogo akamfukiza mtoto na majani hata sijui ya nini. Baadaye vijana wakafunga kamba wakawa wanavusha watu, nilivuka mwanangu kafungwa mgongoni kwa kijana nisiyemjua hata jina, maji yananifika kifuani, nilipiga kelele mpaka sauti ikakata.

Kaka Bonde
Pole sana dada. Mtoto vipi sasa?

Dada wa Masasi
Mzima kabisa, anakimbia.

Mama wa Rufiji
Mungu ambariki huyo bibi. Ulimrudia?

Dada wa Masasi
Nilirudi na sukari na kitenge, alilia.

Mzee wa Hoja
Poleni, ila uzi unasema El Niño na Hidaya ni kimbunga. Tusichanganye mambo.

Mwalimu wa Jografia
Mzee wangu, vyote vinatoka kwenye joto la bahari. El Niño ni maji ya Pasifiki kupata joto, mbali huko upande wa Peru. Kinachotuumiza sisi zaidi ni Bahari yetu ya Hindi ikigeuka: maji ya upande wetu yanakuwa ya moto kuliko kawaida, ya Sumatra yanapoa, basi mvuke na mawingu yote yanahamia huku. 97 vyote viwili vilikuja pamoja ndo maana tulikoma. 2019 hakukuwa na El Niño ya maana na bado vuli ilitubomoa, West Pokot kule Kenya watu walifukiwa na maporomoko, na ng'ambo ya bahari Australia ikaungua kwa ukame. Bahari ni hiyo hiyo moja.

Mzee wa Hoja
97 redio zote zilisema El Niño, sikusikia mtu akitaja Bahari ya Hindi. Leo mmeleta mpya.

Mwalimu wa Jografia
Kwa sababu wataalamu waliieleza vizuri 1999, mvua zimeshapita! Na nikuulize, 2015 El Niño ilikuwa kubwa kweli, watu wakatangaziwa wajiandae, mbona haikufika hata karibu na ya 97? Pasifiki ilikuwa tayari, Bahari ya Hindi haikuongeza nguvu ya kutosha.

Mzee wa Hoja
Hapo 2015 umenipa la kufikiri. Ila redio sikuzisikia vibaya.

Wa Garissa
Nyinyi mnaongea maji, mimi naongea mifugo. 97 huku kwetu baada ya mafuriko mbu walikuja kama moshi, mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba boma zima, halafu watu wakaanza kutokwa damu. Ndiyo ile Homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu hukaa kwa udongo miaka yakingoja maji. Barabara zote zimekatika, daktari atapitia wapi? Nilimzika mjomba. Tafadhali mkisikia utabiri wa mvua kubwa chanjeni mifugo mapema, ugonjwa ukishaingia mmechelewa.

Nahodha Mstaafu
Vijana mnasema kimbunga hakifiki kwetu eti tuko karibu na ikweta. Ni kweli karibu na mstari upepo haupati mzunguko wa kutosha, lakini Mafia na Lindi ziko kusini kidogo, na maji yakizidi nyuzi 26 na nusu hivi chakula chake kipo. Unguja kiliipiga Aprili 1872, mikarafuu ikalala. Lindi Aprili 1952, marehemu baba alikuwa huko, alisema minazi ilichomolewa na mizizi yake. Hidaya nayo Mei. Tazameni miezi hiyo: kaskazi imeondoka, kusi haijakamata sawasawa, bahari imeshiba jua. Sisi wakati huo hatukutoka mbali.

Kijana wa Kilwa
Heshima yako nahodha. Hata mimi naangalia mawingu siyo simu.

Nahodha Mstaafu
Hapana mwanangu, angalia vyote. Mawingu yanakuambia ya jioni hii, TMA wanaiona dhoruba ikiwa bado upande wa Komoro.

Mama wa Rufiji
Sasa nipeni ushauri, bondeni nipande au nisipande?

Kaka Bonde
Hama bonde dada yangu, utazikwa na mpunga.

Kijana wa Kilwa
Asihame, maji yakishuka yanaacha udongo mzuri balaa. Apande nusu chini nusu juu.

Wa Jangwani
Kwanza vyeti na kadi ya kliniki kwenye nailoni nzito, ning'iniza darini.

Kaka Bonde
Na mtumbwi mlangoni 😂

Mama wa Rufiji
Mtumbwi ninao, kaka. Kesho naanza kuhamisha mbegu.