Eti "wewe kaa huko nyuma na mabegi, si umezoea"!!

Wakuu, naandika nikiwa bado na vumbi la safari miguuni. Sijaoga, sijala, simu zinaita nazitazama tu. Nikioga nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Yule mtu karudia tena. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Yule yule wa ile harusi, aliyeng'ang'ania maiki mpaka watu wakaanza kukunja viti. Yule yule ambaye msibani hufika wakati wa kula na huondoka wakati wa kuosha vyombo. Huyo huyo.

Leo tulikuwa na safari ya familia, kwenda kuona maporomoko na kurudi jioni. Nani kaipanga? Mimi. Wiki 6 nzima nimekuwa mweka hazina, karani na mgambo. Nimekusanya michango kwa watu ambao ukiwapigia kuhusu pesa mtandao unakata, ukiwapigia kuhusu chakula wanakusikia hata ukinong'ona. Nimetafuta gari la viti 14, nimehesabu vichwa 14, nimeandika kwenye karatasi nani anakaa wapi. Mwanangu ana miaka 8 na anachafukwa na gari, kwa hiyo nilimpangia kiti cha nyuma ya dereva, dirishani, aone barabara. Mimi pembeni yake na mfuko mkononi. Hicho tu ndicho nilichojipendelea katika safari nzima niliyoihangaikia.

Tulikubaliana saa 12 asubuhi. Saa 12 wote tumo garini, hata wazee. Yeye, "nipo njiani". Saa 12 na nusu, "nipo hapo konani". Kona gani hiyo mtu anaikata saa nzima? Meli inageuka haraka kuliko hivyo! Saa 1 na dakika 40 ndiyo anatokea, kanyoa upya, anang'aa mafuta, kabeba spika kubwa kama kabati, na nyuma yake wageni wawili ambao mpaka sasa hakuna mwenye majina yao.

Samahani? Hakuna. Salamu kwa wazee? Hakuna. Anachungulia ndani, ananitazama mimi kati ya watu wote, mama mkwe anasikia, mawifi wanasikia, mwanangu anasikia, ananiambia: "Wewe kaa huko nyuma na mabegi, si umezoea."

Si. Ume. Zoea.

Nimezoea nini? Mabegi? Nyuma? Au nimezoea yeye?

Na wale wageni wakakaa. Walikaa kwenye viti vyangu na vya mwanangu, mmoja akalalia dirisha akafumba macho kabla gari halijawaka. Mimi nikapanda nyuma kabisa, juu ya mabegi, nimempakata mtoto, na lile spika likapitishwa mkono kwa mkono likaja kutua mapajani kwangu kama mtoto wa pili.

Hapo kuna watu 11 ambao kila mmoja nilimpigia simu mwenyewe, nikamkumbusha alete sweta. Hakuna aliyefungua mdomo. Wote ghafla wanatazama nje, utadhani nje kuna mkutano.

Masaa 3 kwenda, masaa 3 kurudi. Kila tuta napaa. Nimeangukiwa na mabegi mpaka nikaanza kuyajua kwa vishindo, hili la wifi, hili la watoto, hili lenye sufuria. Na kila likinigonga nasikia ile sauti tena: si umezoea.

Msiniambie nisamehe. Sitaki ushauri. Nataka mtu mmoja tu humu anijibu, NIMEZOEA NINI?

*

Mwaga Mboga: Pole sana dada. Huyo ni shemeji yako, kaka wa mumeo. Nimemjua kwa spika.

Kisiki cha Njiapanda: Siyo shemeji, huyo ni mjomba. Mashemeji hawachelewi, wanawahi wakague sufuria.

Mwaga Mboga: Mjomba gani ananyoa upya? Shemeji huyo.

Jicho la Tatu: Mnabishana bure, ni binamu. Kila ukoo una binamu mmoja wa spika. Wa kwetu alikuja nalo hospitalini kumwona mgonjwa.

Mwenye uzi: Simtaji. Na mwenyewe akisoma atajijua, na wote mliokuwa mnatazama nje mtajijua.

Fundi Kimya: Mkuu, uzi mrefu kama safari yenyewe halafu hujasema, maporomoko mliyaona?

Mwenye uzi: Nimeambiwa "si umezoea" mbele ya mama mkwe halafu unaniuliza maporomoko. Tuliyaona. Maji yalikuwa yanashuka. Umeridhika?

Fundi Kimya: Nimeuliza tu dada, usinigeuzie na mimi.

Popo wa Mchana: Ila na wewe nawe, karatasi ya viti kwenye safari ya familia? Mlikuwa mnaenda mwezini? Ndiyo maana kakununia.

Mwenye uzi: Karatasi ndiyo imekuudhi? Yeye aliichukua akafutia kioo cha pembeni ajitazame.

Popo wa Mchana: Hapo nimecheka, samahani.

Shangazi Mstaafu: Mwanangu, kosa lako ni moja tu, ulipanda. Ungebaki chini, mlango wazi, mikono kifuani. Hiyo safari nani angejua chakula kiko begi gani? Wangerudi wenyewe kukubembeleza.

Mwenye uzi: Shangazi, mwanangu alishalia kwamba anataka kuona maji. Alikuwa ameyahesabia siku kwenye ukuta kwa kalamu. Ningeshukaje?

Shangazi Mstaafu: Basi hapo sina neno. Pole mwanangu.

Tairi la Akiba: Mimi ni dereva wa magari ya aina hiyo, nina miaka 11 barabarani. Acheni ya shemeji na mjomba, nizungumzie kile kiti. Pale nyuma ya tairi za nyuma ndipo gari linaporuka zaidi, tuta ambalo wa mbele analisikia kidogo wa nyuma linamnyanyua. Ukimweka hapo mtoto anayechafukwa umemtafutia ugonjwa. Sikio la ndani linauambia ubongo tunayumba, macho yanaona mabegi yaliyotulia yanauambia hatuendi popote, ubongo unavurugika, tumbo linageuka. Ndiyo sababu mtu wa namna hiyo huwekwa mahali pa kuona mbele mbali, hewa inaingia, hasomi simu. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio huteseka zaidi. Mama alikuwa amepanga sawasawa.

Halafu mabegi. Begi ambalo halijafungwa, dereva akikanyaga breki kali, lenyewe linaendelea na mwendo ule ule gari lililokuwa nao. Mtu na mtoto wamekaa katikati ya mabegi bila mkanda? Na watu 16 kwenye viti 14? Mimi nisingewasha gari. Ningetoa ufunguo niuweke mfukoni niwaambie wawili washuke, hata mngenitukana mpaka jioni.

Mwenye uzi: Dereva alianza kukataa. Yule mtu akampiga bega akamwambia "twende tu, hao wa nyuma hawana shida". HAO WA NYUMA HAWANA SHIDA. Hiyo nilikuwa hata nimeisahau, umenikumbusha, moyo umewaka upya.

Jicho la Tatu: Hao wa nyuma 😭 umegeuka mzigo kabisa.

Mwenye uzi: Sijageuka. Nimegeuzwa. Kuna tofauti.

Kombe la Bati: Sasa tuambie tunachosubiri wote. Mtoto alitapika?

Mwenye uzi: Mara 3. Mara ya kwanza kwenye mfuko. Ya pili kwenye mfuko. Ya tatu mfuko umejaa, na spika si lilikuwa mapajani.

Kombe la Bati: WEWEEE

Mwaga Mboga: Mtoto apewe zawadi. Ana akili kuliko ukoo mzima.

Kisiki cha Njiapanda: Hakika Mungu halali.

Popo wa Mchana: Narudia kusoma toka mwanzo nikiwa najua mwisho. Utamu mtupu.

Mwenye uzi: Msicheke, mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa, midomo imekauka. Gari likasimama. Yule mtu akashuka, akaja nyuma, akafungua mlango. Nikasema moyoni labda sasa atamuuliza mtoto hali yake. Akauliza, "Limeingia ndani au limeishia juu?" Spika, wakuu! Anauliza spika! Mama mkwe ndiye aliyekuja na maji akamnawisha mjukuu wake, kimya kimya, na hata yeye hakumwambia yule neno. Mpaka sasa sijui lipi limenikata zaidi, lile la asubuhi au huo ukimya.

Shangazi Mstaafu: Ukimya, mwanangu. Mpigie mama mkwe kesho, usimwandikie, mpigie. Aliyenawisha mtoto ana la kusema.

Tairi la Akiba: Dawa za kichefuchefu cha safari humezwa kabla ya kuondoka, siyo mtu akishaanza kutapika. Kwa mtoto uliza kwanza mfamasia kipimo chake. Maji ampe kidogo kidogo.

Ndoo ya Kijani: Afadhali wako anachelewa. Wangu anawahi! Safari saa 12, yeye saa 10 alfajiri anagonga geti, anakaa sebuleni, anasema "endeleeni tu msijali mimi". Utaendeleaje mtu anakutazama unavyotafuta soksi? Mwaka huu amelala kwetu kabisa, kwenye kochi, viatu miguuni.

Kisiki cha Njiapanda: Hiyo haifiki hata robo ya mpiga picha. Ninaye mmoja, "simamisha hapo, hapo pazuri". Mti, simamisha. Daraja, simamisha. Ng'ombe, simamisha. Tulikuwa tunaenda mazishini, mkuu! Tumefika watu wanatoka makaburini, yeye ana picha 200 na hatuonekani hata mmoja, kajipiga yeye.

Fundi Kimya: Wangu ni wa "nimebanwa". Dakika 10 baada ya kila kituo. Siyo kituoni, baada ya kituo.

Jicho la Tatu: Huyo mpe pole, kuna watu ni ugonjwa.

Fundi Kimya: Ugonjwa gani unasubiri gari liondoke?

Mwenye uzi: Jamani naomba turudi kwenye mada. "Si umezoea." Mtu mzima anamwambia mtu mzima mwenzake hivyo, mbele ya mtoto. Nimeuliza swali toka mwanzo na hakuna aliyejibu.

Ndoo ya Kijani: Tuko pamoja dada. Ila hao wote mnaowataja wana nafuu, mbaya kuliko wote ni wa kufunga dirisha. Jua kali, mko 14, mtu anasema upepo unamwingia sikioni.

Popo wa Mchana: Upepo unaingia sikioni kweli. Mimi ni mmoja wao. Kiyoyozi kipo, kwa nini mle vumbi?

Ndoo ya Kijani: KUMBE NI WEWE

Tairi la Akiba: Uchague kimoja, dirisha au kiyoyozi. Mnawasha kiyoyozi halafu mmoja kafungua dirisha lake "kidogo tu". Hicho kidogo ndicho kinachotoa ubaridi wote nje.

Kombe la Bati: Kiyoyozi kinaniumiza kifua. Nafungua na nitafungua.

Mwenye uzi: Mwanangu kalala, kashika kijiwe alichookota kule kwenye maji. Ameniambia, "Mama, safari ijayo tukae mbele." Naingia kuoga sasa. Nikitoka nitakuta mmenijibu.

Mgeni 0417: Habari za usiku wakuu. Nje ya mada kidogo. Spika likiingia uchafu wa majimaji upande wa mbele linasafishwa na nini? Ni kubwa kiasi.

Tairi la Akiba: Usiliwashe kwanza. Chomoa umeme, futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, usimwagie maji, kisha liache mahali penye hewa mpaka likauke kabisa ndani. Likikoroma baada ya hapo peleka kwa fundi.

Mgeni 0417: Ubarikiwe mkuu.

Popo wa Mchana: Turudi kwenye dirisha. Ndoo ya Kijani, mvua ikinyesha pia unafungua?

Ndoo ya Kijani: Nafungua kidogo.

Popo wa Mchana: Mnaona sasa!

Kombe la Bati: Kidogo si kufungua. Muulizeni dereva.