Tupeane uzoefu: Benz E250 ya milango miwili (C207), mtumba

Wakuu, habari za leo. Kuna E250 coupe ya 2010 nimeiona kwa mtu Mikocheni, nyeusi, inang'aa. Roho inaitaka, ila fundi wangu kasema, "Hiyo siyo coupe, ni kupe." Mliowahi kumiliki mwageni uzoefu, hata wa aibu.

Mdau wa Tegeta: Nilikaa nayo miaka mitatu. Injini ya M271, ile 1.8 ya turbo, ugonjwa wake ni cheni ya taimingi: inavutika, na meno ya gia za kemshafti (shafti inayofungua valvu za injini) yanalika. Ukiiwasha ikiwa ya baridi, sekunde mbili tatu za mwanzo unasikia kama kokoto zinakorogwa kwenye sufuria, halafu kimya. Mimi muuzaji alinipokea gari ikinguruma, eti kaiwasha "nisisubirishwe". Kumbe! Ukikuta boneti ni ya moto, aga, rudi kesho.

Mdau wa Morogoro: Mkuu, yangu ilinizimikia sheli. Nachomeka ufunguo, nazungusha, hakuna kitu, hata taa ya dashibodi. Fundi wa kwanza akaniuzia betri. Wa pili akataka kubadili kontroli boksi. Wa tatu, mzee mmoja mpole, akaniambia nizungushe ufunguo huku yeye anagonga chini ya usukani kwa mpini wa bisibisi. Ikaitika! Ni loki ya usukani: kuna kamota kadogo ndani, kakifa gari halikutambui. Ile kugonga ilinipa wiki moja tu, ikafa jumla, nikafungiwa kifaa cha kuiga ile loki. Ukienda kukagua, zima redio, chomeka ufunguo usikilize. Kamlio kakiwa ka kujikongoja, kata bei.

Mdau wa Arusha: Mleta mada, ongezea hili. Mbele ya injini kuna sumaku za kemshafti, chomoa plagi zake. Ukikuta oili ndani ya plagi, ujue inapanda na nyaya taratibu kuelekea kwenye kompyuta ya injini. Sumaku zenyewe si ghali. Kompyuta ndiyo usiombe.

Mdau wa Nairobi: Huku Kenya gari la zaidi ya miaka minane haliingii tena, kwa hiyo ya 2010 tunanunua kwa mwenyewe. Fungua mlango uangalie kioo: lazima kishuke kidogo, maana hakina fremu. Na nyuma ni viti viwili tu. Siku ya kumbeba mama mkwe utajua hujui.

Mleta mada: Mrejesho wakuu. Leo saa 12 asubuhi nimegonga geti kabla mwenye gari hajanawa uso. Boneti baridi kabisa. Loki safi, plagi kavu. Nikawasha... kokoto, sekunde tatu nzima. Nimemwambia atoe hela ya cheni kwenye bei. Kajifunga msuli vizuri, kasema ngoja aongee na mkewe.